Mahali Pakavu, Penye Kufuli

Ukitoka Kiranjeranje kuelekea Lindi, kabla hujafika mbali, iko kona ambapo njia ya mashambani inaingia kwenye lami. Hapo palikuwa na mashine ya kusaga. Mashine ilikufa, kuta zikabaki, na mbele ya kuta kuna benchi la mbao lisilo na mwenyewe, ndiyo maana kila mtu hulidai. Abdala huja na jiko la mkaa, birika na sinia la kashata. Mzee Alfonsi, karani mstaafu tunayemwita Waraka kwa sababu hawezi kukuambia mvua inanyesha bila kutaja mamlaka iliyoiidhinisha, hukalia pembe ya kulia. Haruna, fundi wa redio na simu, hukaa katikati. Jina lake kijiweni ni Setilaiti, na sababu mtaiona wenyewe. Mimi naitwa Gazeti, kwa kosa la kusoma. Asubuhi hiyo ya Julai, msimu wa kupulizia mikorosho umepamba moto, wa mwisho kufika alikuwa Iddi Bomba, kijana anayekodiwa na nusu ya kijiji kubeba mashine ya kupulizia. Shati lake lilikuwa la njano kwa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, toka kola hadi pindo. Hakusalimia. Kwetu mtu asiyesalimia ama amefiwa ama anatafuta ugomvi, na Iddi alikuwa hajafiwa. Bado.

ABDALA: Vipi Iddi, mbona macho mekundu hivyo?

IDDI: Nipe kahawa. Macho yangu hayauzwi.

WARAKA: Salamu ni sunna kwenu na adabu kwetu, bwana mdogo.

IDDI: Shikamoo mzee. Haya, nimesalimia. Mtoto wangu hajalala. Tangu azaliwe hajui kulala. Akisinzia anashtuka, akishtuka anakohoa, kifua kinaita kama mlango wenye kutu. Mama yangu anasema mke wangu Kidawa amekuja na vitu vyake vya uchawi toka kwao Nyangamara. Leo nampakia gari, arudi kwao na vitu vyake.

Mtoto mwenyewe, Mfaume, alikuwa bado hajatimiza arobaini. Mzazi wa arobaini kwetu hatoki ndani: mlango umerudishwa, dirisha limezibwa kwa kanga ili upepo usimpige mtoto, na anayeingia anaingia upande upande. Kumpakia gari mzazi wa namna hiyo ni jambo la kuitiwa ukoo mzima.

SETILAITI: Subiri kwanza, mwanangu. Usimwonee dada wa watu. Huo ni mnara.

IDDI: Mnara gani?

SETILAITI: Huu wa simu uliopo kilimani. Umesimamishwa lini? Na watoto wameanza kutolala lini? Sikia. Wewe na mimi vichwa vyetu vimekomaa. Kichanga utosi wake bado laini, uko wazi. Simu zote za kata hii zinapita mle. Watu wanagombana, wanadaiwa, wanatongozana. Ungekuwa wewe ungelala?

ABDALA: Acha fiksi, Haruna. Wakati wa mvua mnara hauna hata umeme.

SETILAITI: Ndiyo hapo setilaiti inapoingia.

ABDALA: Mimi nasema jina. Mfaume ni jina la marehemu baba yake Iddi, na marehemu alikuwa mlinzi kule Kilwa Masoko. Miaka yote mchana analala, usiku macho. Mmempa mtoto jina la mtu wa zamu ya usiku, halafu mnashangaa. Mbadilishieni, mpeni jina la mtu wa ofisini, atalala hata saa nne asubuhi.

WARAKA: Mnabahatisha. Kaeni tuchambue. Mtoto huyu amezaliwa mwezi gani?

IDDI: Wa sita, mwishoni.

WARAKA: Basi. Mwisho wa mwaka wa fedha. Nimefanya kazi serikalini, najua. Kila kinachotolewa mwezi wa sita kinatolewa mbio mbio ili fungu lisirudi hazina. Madarasa ya mwezi wa sita yanavuja. Barabara za mwezi wa sita zinamomonyoka. Hata Mwenyezi Mungu, na anisamehe, akiona hesabu zinafungwa...

Iddi alitupa kikombe. Hakukiweka, alikitupa, kikagonga ukuta wa mashine na kurudi hadi miguuni kwangu. Kahawa ilinirukia suruali.

IDDI: Mnacheka! Mtoto wangu ana kilo mbili na kidogo, amekunjamana kama mgomba uliokosa maji, na nyie mnacheka!

Hatukuwa tunacheka, lakini hatukuwa mbali na kucheka, na hilo alikuwa ameliona. Niliokota kikombe. Nikamwuliza kama amempeleka zahanati.

IDDI: Nimempeleka. Sista Getrude amempima, kampa dawa ya kifua, kasema akianza kuvuta pumzi kwa shida tusisubiri kupambazuke. Halafu akaanza maswali. Eti mnaishi na nini ndani? Nikamjibu naishi na mke wangu. Akasema, siulizi nani, nauliza nini.

MIMI: Ukamwambia nini?

IDDI: Nilimwambia kitanda, sanduku la nguo, na salfa.

MIMI: Akasemaje?

IDDI: Akavua miwani. Akaniuliza, mkeo alipokuwa na mimba alikwenda shambani? Nikamwambia sasa angekwenda nani? Mimi nabeba mashine mgongoni, mtu wa kunijazia salfa kwenye tangi lazima awepo. Alijaza Kidawa. Mwezi wa tano mzima, alfajiri, umande haujakauka, tumbo limefika hapa. Wanawake wote hujaza. Mama yangu alijaza akiwa na mimba yangu, na mimi nimezaliwa, siyo?

SETILAITI: Umezaliwa, ila na akili...

WARAKA: Haruna! Mwache aseme.

MIMI: Na usiku mlilala na mifuko?

IDDI: Gazeti, usinizingue. Wewe yako iko wapi?

Watu wote waligeuka kunitazama. Yangu iko chumbani. Ya kila mtu iko chumbani. Nyumba zetu zina chumba kimoja chenye mlango wa kufungwa kwa kufuli, na salfa ni kitu cha kufungiwa. Msimu uliopita Abdala aliiweka jikoni, akaamka akakuta jiko tupu na vumbi la njano limeelekea barabarani. Tangu hapo hata mjinga amejifunza: salfa hulala na mwenyewe.

IDDI: Na siyo kwamba tumejitungia. Tumefundishwa! Mmesahau semina?

Nani angesahau semina? Ilifanyika kwenye darasa la shule, wakaja watu watatu na gari mbili. Tulisaini mahudhurio, tukanywa soda, tukaonyeshwa picha ya mkulima. Mkulima yule alivaa buti, glovu, miwani kama ya kuogelea, na kitu usoni chenye pua mbili. Hakuna aliyemtambua. Alifanana na mtu anayekwenda mwezini kuangalia mikorosho ya huko.

ABDALA: Mimi ndiye niliyeuliza, hivi vifaa tunavipata wapi?

WARAKA: Na ukajibiwa kwa mujibu wa taratibu.

ABDALA: Nilijibiwa kwamba ile ni picha ya kuelekeza!

IDDI: Halafu akasoma ile karatasi. Nimeishika kichwani mpaka leo. Salfa ihifadhiwe mahali pakavu, penye kufuli, mbali na watoto. Pakavu, chumbani kwangu. Penye kufuli, chumbani kwangu. Mbali na watoto, sina mtoto! Mtoto yuko tumboni, na semina haikutaja tumbo. Nimefanya makosa gani? Nioneshe nilipokosea!

Waraka alikohoa, akaiweka sawa kofia yake.

WARAKA: Kimaandishi hukukosea. Kimaandishi ulitekeleza yote.

IDDI: Basi Kidawa amekosea nini?

Alijiuliza mwenyewe, nadhani. Sauti ilikuwa imepanda, lakini mwishoni ilikatika, kama mashine inapoishiwa mafuta katikati ya mkorosho. Akakaa chini, siyo kwenye benchi, chini kwenye vumbi, vidole vya njano vikishika kichwa.

IDDI: Mtoto alipokuja nilisema niitoe. Mama akasema utaiweka wapi, iibiwe? Ikabaki. Halafu tukaziba dirisha, maana ni arobaini. Tukafunga mlango. Tukamfungia humo na mama yake, na mimi narudi toka shambani hivi hivi, namshika.

SETILAITI: Sasa itoe leo. Kwani shida iko wapi?

ABDALA: Usiku itaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Halafu ugonjwa wa ubwiri unga ukipiga maua ya mikorosho, mwaka mzima atakula nini? Atakula mnara wako?

SETILAITI: Tungewaambia wale wa semina watujengee...

WARAKA: Waandikiwe. Kuna utaratibu wa kuandika.

IDDI: Waandikie wewe! Waandikie na mtoto mwambie asubiri majibu! Nyie wazee ndivyo mlivyo, mnaandika, mnaandika, na sisi tunazika!

Mzee Alfonsi alikuwa hajawahi kufokewa kijiweni pale. Alisimama. Iddi naye akasimama. Nikaingia katikati, nikapata kiwiko cha mmoja wao, sikujua cha nani. Abdala alikuwa ameshika birika juu lisimwagike, na ni yeye aliyetazama njia ya mashambani kwanza.

ABDALA: Lahaula. Jamani. Arobaini haijaisha.

Kidawa alikuwa anakuja. Jua limeshapanda, kichwani kanga, kifuani mtoto, na nguo yake yote mbele ilikuwa ya njano. Hakuna mwanamke anayekuja kijiweni, sembuse mzazi. Alikuja hadi kwenye benchi, akapiga goti kidogo.

KIDAWA: Shikamoo mzee Alfonsi.

WARAKA: Marahaba, mwanangu. Mbona umetoka nje?

KIDAWA: Nimetoka. Mama ananifokea huko, na nyie mnafokeana huku, mnasikika hadi uani. Iddi, mifuko nimeitoa. Nimeiburuta mmoja mmoja, iko uani.

IDDI: Uani? Peke yake?

KIDAWA: Peke yake. Lakini nimekuta godoro ni la njano. Ukuta wa udongo umekunywa, ukigusa linatoka vumbi. Nguo za mtoto nilizozikunja nikiwa na mimba, nimezikung'uta zote, zinatoa vumbi. Pale hatulali tena. Na Nyangamara sirudi kwa kufukuzwa. Sasa nauliza, nyie ndio wanaume wenye nyumba. Nani chumbani kwake hamna salfa, nikalale huko na mtoto mpaka msimu uishe?

Mfaume alikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, kisichostahili kuwa cha mtu wa ukubwa ule.

SETILAITI: Kwangu... kwangu ni mifuko miwili tu, shemeji.

KIDAWA: Nimeuliza ambako hamna.

Setilaiti aliinama. Waraka, ambaye anaishi peke yake na ana vyumba vitatu, aliiweka sawa kofia yake tena. Vyumba viwili amewakodisha wanunuzi wa korosho waweke mifuko yao ya salfa, na cha tatu analala na yake. Mimi niliangalia lami kana kwamba kuna gari.

KIDAWA: Abdala je?

Bado alikuwa ameinua birika. Mke wake Fauzia ana mimba ya miezi sita, kijiji kizima kinajua, yeye mwenyewe alitugawia kashata za bure siku aliyopata habari. Nilimwona akihesabu kitu moyoni, na sidhani kama ilikuwa kashata.

KIDAWA: Haya. Sogeeni.

Tulisogea. Si kusogea, tuliondoka kabisa kwenye benchi, watu wazima wote, tukasimama juani. Kidawa akakaa katikati, akaegemea ukuta wa mashine, akamfungua mtoto uso apate upepo ambao sote tulikuwa tumefundishwa kuuogopa. Iddi alitazama njia inayorudi kwake, iliko mifuko isiyo na mtu. Yule aliyemwibia Abdala hajawahi kujulikana, na habari za mifuko iliyo uani hapa kwetu haziendi kwa mguu. Alitazama njia hiyo muda ambao niliona ni mrefu. Kisha akapiga hatua kuelekea kwenye benchi, akanyoosha mikono.

KIDAWA: Usimshike na shati hilo.

Alilivua palepale barabarani. Chini ya shati alikuwa wa njano vilevile, shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya viwiko.

IDDI: Abdala, una maji?

Maji yalikuwa ni yale ya kahawa, dumu moja la asubuhi nzima. Abdala hakubishana. Alishusha birika, akainua dumu na kummiminia, mikono, shingo, kifua, mpaka dumu likatoa sauti ya utupu, na Iddi alijisugua kwa hasira kama anayetaka kuivua na ngozi. Hapakuwa na sabuni. Maji yaliyofika kwenye lami yalikuwa ya njano. Alisubiri akakauka, akamchukua mwanawe, akaketi naye kando ya mke wake, na hakumwambia neno la Nyangamara.

WARAKA: Kwa hiyo leo hakuna kahawa tena.

Abdala alikuwa ameshamwaga mkaa, akaacha birika, sinia na kashata zake pale chini, akashika njia ya kwake, aliko Fauzia na mifuko, kwanza akitembea, halafu akikimbia.