Mzee Ngole Ewane, Aliyewaokoa Viluwiluwi

Ndugu waombolezaji, baba mkwe wangu, Mzee Ngole Ewane, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Ekambeng, chini ya mlima Manengouba, mtoto wa tatu wa mwinda vyura, akasoma shule ya msingi ya misheni hadi mwaka 1971, kisha akashika nyavu za baba yake.

Tarehe 6 Juni 1982 alimwoa Mama Ntube, wakajaliwa watoto wanne, Epie mume wangu akiwa wa mwisho.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu walimwajiri kupima viluwiluwi wa yule chura wetu mkubwa, akawa anawaweka mmoja mmoja kwenye mfereji wa bati, anamgusa mkia kwa unyasi na kupima alivyochomoka, akatufundisha kwamba kadiri mwili unavyokua ndivyo mbio zinavyoongezeka, mpaka miguu ichomoze, hapo kiluwiluwi huwa mzito kama mjamzito, nasi wakwe tukacheka.

Tarehe 3 Februari mwaka huu, 2024, mpwa wake Sone, huyu aliyeketi mbele kwa kitenge cha msiba, alimwaga mtoni dawa ya kunyunyizia kakao ili apate vyura bila jasho, na marehemu alipomkanya akajibiwa, "Mjomba, maji hayalali hapa, kesho yatakuwa safi." Mto ulinuka, ukatoa povu, samaki wakaelea matumbo juu, naye marehemu akaingia na ndoo hadi kifuani, akichota viluwiluwi wadogo na wale walioanza kuota miguu, na mkewe alipomsihi atoke alisema, "Wakubwa watafika wenyewe kijito cha pembeni, Ntube. Hawa hawawezi."

Jioni alitapika, ngozi ya miguu ikababuka, akalazwa tarehe 4, akafariki tarehe 7 saa tano asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano.

Kwa desturi yetu mpwa huleta nyama ya msiba, na jana Sone alileta beseni la vyura wa siku ile ile, amewakausha kwa moshi, nikafunua, harufu ya dawa ikanipanda puani, na hata sasa mikono yangu naionea kinyaa. Wazee wa ukoo walisema tupike tu, tusimwaibishe mtoto wa dada. Mama Ntube amekataa, beseni limefukiwa nyuma ya choo, kwa hiyo leo mtakula ndizi na mboga za majani, mtuwie radhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa machela, na watafiti aliofanya nao kazi miaka kumi na mitano. Sone, wewe hatukushukuru.

Baba, lala, amani ya Mungu ikufunike.