Mafundo Yaliyonishitaki

Vijana mtakaosoma haya, kaeni sawa. Niliyasema mbele ya akina mama wa kisiwa chetu cha Koyama, na sasa nayaandika kwa mkono wangu ili mtu asiyapambe.

Wakati wa Mtaliani nilikuwa na chuo cha Kurani uani kwangu, watoto ishirini na kitu. Nusu niliwasomesha mimi, nusu binti yangu, aliyehitimu mapema kuliko wenzake wote. Siku ya hitima yake, alipomaliza Kurani, nililisha watu, nikatembea kifua mbele.

Kisha mjomba wa mwanafunzi mmoja akaja kutoka kisiwa jirani cha Chovae, akampa mtoto karatasi ya herufi zilezile za Kurani asome. Mtoto yule alikuwa akisoma juzuu nzima bila kukwama. Karatasi ile aliikodolea macho tu. Mamake akanijia mlangoni: "Mwalimu, nilikuletea mwana, wanirudishia kasuku."

Wazazi wakaanza kuwatoa watoto. Na chuo kile kikifa, wasichana wa mtaa wetu hawakuwa na pengine pa kusoma.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilichapa. Bakora ikavunjika, nikakata nyingine. Wakakwama vilevile.

Mimi ni msusi wa mikeka. Nikachukua ukindu, kila mtoto unyuzi wake. Kila siku nikimgusia kwa kidole herufi tano katikati ya ubao wake wa kusomea, hapa na pale, si kwa mfuatano. Kila asiyoijua, nafunga fundo kwenye unyuzi wake. Nia yangu haikuwa njema: nilitaka wazazi waone wavivu ni nani.

Baada ya wiki mbili nikazitandaza nyuzi zote jamvini. Za watoto wangu zilikuwa na mafundo machache. Za watoto wa binti yangu zilijaa, hata za wale wepesi wa kushika. Watoto kumi hawawi wavivu kwa kipimo kimoja.

Nikamwita binti, nikamgusia herufi. Akatazama kidole changu, si ubao.

"Mama, nipe mwanzo wa mstari, nitakufikisha mwisho."

Alikuwa ameshika kwa sikio tu. Na aliyemharakisha ni mimi, kwa tamaa ya karamu.

Kesho yake niliwaita wazazi, nikawatandazia ukindu, nikawataka radhi watoto niliowachapa. Yule mama wa kasuku akayahesabu mafundo mwenyewe, kisha akauliza, "Basi nimrudishe lini?" Mungu amlipe. Amlipe na fundi wa mashua aliyetuchongea mbao mpya bila kuombwa. Watoto walirudi, ila wawili, na waliorudi leo wanasoma karatasi yoyote utakayowapa.

Mtoto akikosea, hesabu makosa kabla hujashika bakora. Tazama yanatoka wapi. Huenda yakatoka kwako.

Jioni ya siku ile ya wazazi, kabla chakula hakijapakuliwa, nikiwa nimemshika binti yangu bega, niliwaambia watu wa nyumbani kwangu: "Kuanzia kesho huyu atakaa jamvi moja na wadogo, aanze alifu. Na asicheke mtu humu ndani. Nitakaa naye mimi."