Aneth Athanas Mageni: Imani Alikuwa Nayo, na Mguu Uliuma

Marehemu Aneth Athanas Mageni hakusema uongo, hata ule mdogo ambao sisi watu wazima tunauita adabu. Kanuni hiyo hakuichukua kwetu, maana wengi wetu katika familia hii hatuishiki kwa kiwango chake.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 2007 hapa Mhunze, wilayani Kishapu, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Athanas Mageni na Bibi Paskalia. Mwaka 2013 familia ilihamia Kahama, baba yake alipopata kazi ya ufundi wa magari karibu na mgodi wa Buzwagi. Mama yake alianza kuuza mchele sokoni.

Alisoma shule ya msingi mjini Kahama kuanzia mwaka 2014 hadi 2020, na Januari 2021 akaingia kidato cha kwanza. Huko alikaa dawati moja na Dorah Marwa, binti wa mchimbaji aliyetoka Tarime. Dorah alikuwa msemaji na Aneth mkimya, na walimu walizoea kumwadhibu Dorah kwa kelele za wawili. Waliingia pamoja kwaya ya vijana kanisani, Dorah akiimba sauti ya kwanza na Aneth ya pili.

Kazi ya mshahara hakuwahi kuifanya, wala umri wa ndoa hakuufikia. Jumamosi alimsaidia mama yake sokoni. Siku moja mteja aliuliza, "Mama Aneth, huu mchele ni wa zamani, ule usioshikana ukipikwa?" Mama akajibu, "Wa zamani kabisa, dada." Aneth akageuka kwa mshangao wa kweli: "Mama, si jana tulichanganya na mpya?" Mteja akaenda zake. Mama akamwambia, "Leo utakula huo ukweli wako." Aneth akajibu, "Nitakula, mama, ila usiuchanganye."

Agosti 2023, akiwa kidato cha tatu, alianza kuumwa mguu wa kulia juu ya goti. Tulidhani ameteguka kwenye netiboli, akapelekwa kuchuliwa, na uvimbe ukaongezeka. Januari 2024, hospitalini Mwanza, madaktari walisema ni saratani ya mfupa. Alitibiwa mwaka mzima. Nywele zote zilinyonyoka, na kwenye safari nyingi za Mwanza Dorah alikaa naye ndani ya basi. Mwishoni mwa mwaka ugonjwa ulifika kwenye mapafu.

Jumapili tarehe 9 Februari 2025 kulikuwa na mkutano wa injili mjini Kahama. Dorah alifunga siku tatu, akawatangazia wanakwaya wote kwamba rafiki yake angeponywa siku hiyo, na akampandisha jukwaani kwa mkono wake mwenyewe. Mhubiri mgeni alimwombea kwa muda mrefu, kisha akamsogezea kipaza sauti.

"Binti, maumivu yako wapi sasa?"

"Yapo, Mtumishi."

"Sema kwa imani, binti."

"Imani ninayo. Mguu nao unauma."

Wengine walicheka, wengine wakaguna. Dorah aliuachia mkono wa Aneth akashuka, na Aneth akateremshwa na baba yake. Nje ya uwanja Dorah alimwambia, "Umeniaibisha. Ungesema tu umepona, Mungu angemalizia."

Aneth akamjibu, "Na asipomalizia, nitakuwa nimemsingizia."

Kuanzia siku hiyo Dorah hakuja. Wanakwaya nao waliacha kuja, na yalisemwa maneno kwamba binti huyu ameifunga baraka yake mwenyewe. Lazima isemwe hapa kaburini: mgonjwa hapimwi imani kwa kuulizwa kama bado anaumwa. Hata baadhi yetu ndugu, mimi shangazi yake nikiwemo, tulimshauri aende kuomba radhi. Alituuliza, "Niombe radhi ya nini, shangazi?" Mama yake alipotaka kumwita Dorah, alikataa. "Asije kwa kuitwa," alisema. Lakini kila geti lilipogongwa jioni aliinua kichwa, na bibi yake alimsikia akiomba: "Bwana, kama mimi huniponyi, basi mrudishe Dorah."

Wiki moja baada ya Pasaka Dorah alikuja, amebeba bakuli la michembe, viazi vitamu vikavu vilivyopikwa kwa karanga.

"Umekuja kuangalia kama nimepona?" Aneth alimuuliza.

"Nimekuja kukusuka."

"Utasuka nini kwenye kipara hiki?"

"Basi nitakipaka mafuta, king'ae." Akakaa kitandani. Kisha akauliza, "Bado unauma?"

"Unauma."

"Haya," Dorah alisema, akaanza kumpaka mafuta.

Hakukosa siku tena. Alimsomea Zaburi, na walipoimba, Dorah alishusha sauti yake ili ya Aneth isikike. Siku moja alimuuliza kama anaogopa. Aneth alisema, "Naogopa. Ila si kama mwezi wa tatu."

Alifariki nyumbani Kahama, asubuhi ya Jumatatu tarehe 19 Mei 2025, akiwa na miaka kumi na saba, mama yake upande mmoja na Dorah upande wa pili.

Ameacha baba na mama, bibi yake Scolastika, wadogo zake Nasibu na Juliana, na rafiki yake Dorah Marwa. Dorah ndiye aliyetutaka tuyasome haya yote bila kupunguza.

Mungu ampe Aneth pumziko la amani. Kusema kweli siku ile kulimkosesha rafiki yake tangu Februari hadi baada ya Pasaka, na hakubakiwa na miezi mingine ya kufidia.