Kijitabu cha Pili cha Klaudia Mutembei

Nani kati yenu mliofika hapa Muleba leo, tarehe 9 Agosti 2025, anaweza kutuambia Klaudia alipata alama ngapi katika mtihani wake wa mwisho wa tafsiri? Basi wasifu wake nitausoma mimi, Mwijage, mdogo wake, mwenye digrii na miaka mitatu ya kukaa nyumbani, na wazee wamenionya nisome kwa adabu, nami nitajitahidi, waitu, ndugu zangu, I will try.

Marehemu Klaudia Kokugonza Mutembei alizaliwa tarehe 14 Machi 1998 huko Kanazi, Bukoba Vijijini, mtoto wa kwanza wa marehemu tata, baba yetu, Mutembei na mama Agnetha, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo, akakulia katika kibanja cha migomba na kahawa, ambako akiwa darasa la nne tu alikuwa akimsomea bibi kwa Kihaya barua zilizoandikwa kwa Kiswahili, na bibi akihisi habari imefupishwa alimrudisha mwanzo wa barua.

Alisoma shule ya msingi mwaka 2005 hadi 2011, sekondari 2012 hadi 2015, kidato cha tano na sita 2016 hadi 2018, kisha akajiunga na chuo kikuu ambacho sikitaji jina, kwa kuwa mwakilishi wake, Ndugu Gamaliel, ameketi pale mstari wa pili, akasomea shahada ya Lugha ya Kiingereza na Tafsiri.

Tarehe 12 Julai 2021 alifanya karatasi ya mwisho, akafanya kama alivyozoea siku zote, rasimu katika kijitabu cha kwanza, nakala safi katika kijitabu cha pili, akaikata rasimu kwa mstari, akavifunga vyote kwa uzi, akasaini fomu ya mahudhurio kwamba amekabidhi viwili, na matokeo yalipotoka mbele ya jina lake paliandikwa Incomplete, yaani haijakamilika, kwa sababu kilichoonekana ni kile cha rasimu, na kwao kilichokatwa hakisahihishwi.

Aliambiwa arudie, akakataa, akisema kazi aliyoimaliza haifanyi tena kwa uzembe wa mtu mwingine, nami nilipomwambia dada rudia tu yaishe, akaniuliza mimi niliyefaulu kila karatasi nimeajiriwa wapi. Aliandika barua kumi na moja, akajibiwa mbili, na ile ya pili ilisema suala lake linashughulikiwa kwa uzito wote, Your matter is receiving our utmost attention, mama akamwomba amtafsirie, akamtafsiria hivi, hawajaanza kukitafuta.

Kwa kukosa cheti hakuweza kuomba ajira, hivyo kuanzia Januari 2022 alifanya kazi katika duka la stationery la dada Annastella pale Kashai, akitafsiri vyeti vya kuzaliwa, mikataba ya mashamba na barua za wafadhili, kisha kazi hizo zilipelekwa kugongwa muhuri wa mtu mwenye cheti, ambaye aliniuliza mimi mwenyewe neno whereas, linalofungua karibu kila mkataba, maana yake nini.

Alifunga ndoa na shemeji yetu Dastan Lwakatare wa hapa Muleba tarehe 19 Novemba 2022, wakajaliwa mtoto mmoja, Kemilembe, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2023.

Ugonjwa wa moyo ulianza kumsumbua Februari 2024, akatibiwa Bukoba, akapewa rufaa kwenda Mwanza, akarudi, na barua ya kumi na moja aliiandika kitandani, akimkatalia Dastan kuishika kalamu kwa niaba yake, mpaka alipofariki tarehe 6 Agosti 2025 saa nne asubuhi, akiwa na miaka ishirini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Kashai walioacha biashara zao wakaja kumenya ndizi, dada Annastella na wafanyakazi wenzake, na padri wetu aliyevumilia usomaji huu. Dada, umefanya sehemu yako yote, lala sasa, tulioachiwa tuendelee.

Na wewe Ndugu Gamaliel, barua ya rambirambi uliyomkabidhi mama asubuhi hii ina muhuri wa chuo, na mstari wa kwanza unamtaja Klaudia kuwa mhitimu wetu mpendwa, neno ambalo kwa miaka minne mlikataa kumwandikia alipokuwa hai. Mmeshaliandika, sisi tumeshalipokea. Nakala ya fomu ya mahudhurio yenye saini yake na ya msimamizi wenu wa mtihani, inayosema vijitabu viwili, hii hapa, ichukue. Kitafuteni cha pili, kisahihisheni, jina lake lisomwe kwenye mahafali ya mwaka huu mama akiwa ameketi ukumbini, na kabla hujatoka hapa kwetu andika nyuma ya fomu hii, kwa mkono wako, mbele ya watu hawa, ni tarehe ngapi mtatuletea majibu.