Kisima Alichokiacha Mwisho: Maisha ya Mwalimu Josphat Kimotho, 1965–2009

Mwalimu Kimotho alizaliwa Kiminini tarehe 3 Mei 1965, kifungua mimba wa marehemu Mzee Gichuki na marehemu Mama Gathoni. Akiwa bado tumboni, baba alichimba kisima kando ya josho kuukuu la ng'ombe, lililoachwa na mzungu aliyekuwa na shamba hili. Sote tulilelewa kwa maji hayo.

Alisoma msingi hapa Kiminini na sekondari Bungoma, akaingia chuo cha ualimu, na kuanzia 1988 akafundisha kemia Bungoma. Alimuoa Sally Jelagat mjini Kitale tarehe 15 Aprili 1989. Siku hiyo alichovya karatasi ya litimasi, ile ya kupimia uchachu, kwenye soda ya mchungaji, ikawa nyekundu, na mchungaji akakataa kuinywa mpaka bibi harusi alipoionja kwanza.

Mwaka 2003 shirika la wanakemia la ng'ambo lilimpa ruzuku ya kupeleka kemia kwa wananchi. Alizunguka makanisani na sokoni na katoni yake ya chupa, akiwaonyesha wakulima uchachu wa udongo wao. Watu walimpenda. Ruzuku ya pili, ya 2006, ilikuwa ya kupima maji ya visima. Alipima Tuwan, akapima Bungoma, akapima kwa majirani wote. Kisima chetu alikiacha mwisho, watu wasije wakasema msaada umeliwa nyumbani. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Karatasi ya kupimia ilipogeuka kahawia kwa maji yetu, alirudia, kisha akapeleka maji Nairobi. Jibu lilikuwa aseniki, sumu ya kuulia kupe iliyotumika joshoni zamani. Haina rangi wala ladha.

Aliita kikao cha familia, akaomba kisima kifungwe. Baba mdogo Mathenge, ambaye ndiye mwenye kauli hapa nyumbani, alikataa.

“Si baba yako alikunywa hayo maji akafika miaka themanini? Sasa wewe na karatasi yako unataka kufukia jasho lake?”

Mwalimu alimjibu taratibu: “Baba alianza kuyanywa akiwa mtu mzima. Sisi tulianza tumboni.”

Mwaka 2007 viganja vyake vilianza kuwa vigumu, na madoa meusi yakatokea kifuani. Kidonda cha kisigino kilikataa kupona. Alitibiwa Kitale, kisha Eldoret, ambako walisema ni saratani ya ngozi. Daktari hakuapa kwamba chanzo ni maji. Mwalimu hakuwa na shaka. Alituacha tarehe 9 Machi 2009.

Ameacha mjane, Sally. Watoto, Mukami na Kim. Baba mdogo, Mathenge. Na mimi, dada yake Nduta, ninayewasomea haya. Kisima bado kiko wazi. Kwa kuwa wageni ni wengi, juzi kimetiwa kamba mpya. Baba mdogo amesema tusubiri matanga yaishe ndipo tuzungumze. Mukami ana miaka kumi na minane, na amekulia hapa nyumbani. Mtakapompa mkono wa pole, mtasikia kiganja chake kilivyo kigumu.

Pumzika salama, kaka. Sisi huku tunaogopa.