Picha ya Uvimbe wa Panya

Jioni hiyo Mzee Gibson alitokea kijiweni Manzese, nyuma ya gereji ya matairi, amevaa suti. Hakutoka msibani wala harusini. Abdulsamad muuza kahawa alimmiminia bila kuuliza. Waya, fundi redio, na Spika, dalali wa vyumba, wakampisha kwenye benchi. Wote walimjua bintiye Hope, aliye ng'ambo kwenye maabara ya kemia. Na mama yake Hope, marehemu Adelina, walimzika pamoja. Picha za hospitali zilikuwa zikisema uvimbe wake wa kansa haujakua, kumbe ndani kwa ndani unamla.

— Hope kanipigia, alisema Gibson. Picha imetoka.

— Ya harusi? Spika alidakia.

— Ya uvimbe. Wa panya.

— Suti yote hiyo kwa ajili ya panya, Baba Hope?

Gibson alicheka, akaeleza kama alivyoelezwa. MRI, ile mashine ya sumaku, huonyesha umbo la uvimbe. Kina Hope wanapachika nitrojeni nzito kwenye kemikali, wanazielekeza chembe zake upande mmoja, nazo zinapiga kelele ya sumaku mara maelfu kuliko kawaida. Wakiichoma mwilini, mashine inaona uvimbe unafanya nini. Ila kelele hudumu dakika chache tu.

— Nitrojeni si ile ya matairi? alisema Waya. Kumbe mgonjwa anajazwa upepo!

— Tena ni mbolea, alisema Spika. Huyo panya atafika saizi ya mbuzi.

— Chembe zote upande mmoja! alidakia Waya. Ndo maana wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Nyie hamwoni mbali, alisema Abdulsamad. Mtu akikwambia "niko njiani", unampiga picha na mashine hiyo, unamkuta bado kitandani!

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Binti mmoja mgeni, Naima, aliyekuwa akingoja kahawa, akasogea.

— Shikamoo, mzee. Mama yangu anaanza matibabu ya kansa wiki hii. Hiyo mashine itafika kwetu lini?

Spika akampisha kwenye benchi. Gibson akampigia Hope simu, akaweka sauti ya juu, akampa Naima.

— Sijui, sista, Hope alijibu, baada ya kumsikiliza mpaka mwisho. Bado tuko kwa panya, nisikudanganye. Mama asiache dawa zake. Na namba yangu ichukue kwa baba, unipigie.

Gibson alimsikia mwanawe akisema "sijui" mbele ya kijiwe kizima, akajivuna kuliko alivyojivunia picha.