Nusu ya Maneno ya Daktari

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi wa vigae. Huenda leo asubuhi umekanyaga kazi ya mikono yake na wala hujui. Wenzake walimwita Pimamaji, kwa sababu hakuwahi kuliamini jicho la mtu. Ukimwambia meza imekaa sawa, yeye anatoa pimamaji yake mfukoni, kile kipimo cha usawa cha mafundi, anailaza juu ya meza, anainama kuitazama. Mkewe ananiambia siku ya harusi yao alilipima hadi jukwaa. Anacheka akisema hivyo, halafu anajifuta macho.

Pimamaji alifariki dunia wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Moyo ulisimama. Lakini ninayotaka kuwasimulia leo ni habari ya goti lake.

Kwa miaka thelathini alikula jasho lake akiwa amepiga magoti. Sakafu za shule, za maduka, za nyumba za watu. Akimaliza chumba, alitambaa kukigonga kigae kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, akisikiliza kama kimeshika. Kisichoshika alikijua kwa mlio, akakibandua papo hapo.

Miaka sita iliyopita, alikuwa akishuka ngazi za jengo moja na boksi la vigae begani. Mguu ukateleza. Boksi likaenda huku, yeye akaenda kule, goti la kulia likapiga kwenye ukingo wa ngazi. Aliinuka, akatazama vigae vilivyovunjika kabla ya kujitazama mwenyewe, akarudi kazini. Wenzake wakamwambia nenda hospitali. Akasema litapoa.

Halikupoa. Miaka sita, wasikilizaji wapendwa, halikupoa. Alijichua kwa dawa za kupaka za kila rangi, mpaka paka wa nyumbani akahama chumba. Akalifunga kwa bendeji. Akaanza kupiga goti moja, mguu mbovu ameunyoosha pembeni, na kazi ya siku moja ikawa inakula siku tatu. Mwaka wa pili mkewe alimng'ang'ania hadi akakubali kwenda kwa daktari. Ila alikataa kata kata kusindikizwa. Alirudi mchana, akajitupa kitini, akasema, "Daktari amesema halitakuwa sawa."

Basi. Mtu ukiambiwa hivyo, utasema nini tena? Mkewe alilia. Binti yao mkubwa alisafiri kuja kumpa baba yake pole. Tangu siku ile, neno hospitali halikutajwa tena katika nyumba hiyo.

Hebu niwaingize ndani. Ni vyumba vitatu. Sakafu aliitandaza mwenyewe alipokuwa mzima, inang'aa kiasi kwamba unaweza kujitazama meno. Mlangoni alijenga kizingiti kirefu cha shubiri mbili, kuzuia maji ya mvua. Alijivunia sana kizingiti hicho. Mvua ikinyesha, majirani wanahangaika na ndoo, yeye amekaa mkavu anakunywa chai. Sasa goti likakataa kukipanda, likakataa na kukishuka. Kwanza aliacha kazi. Kisha akaacha kwenda kwa marafiki. Mwishowe akaacha kutoka kabisa.

Alibaki na kiti cha plastiki anachokisukuma mbele yake. Vigae kumi na kimoja kutoka kitandani hadi dirishani. Vigae kumi na tisa kutoka dirishani hadi msalani. Kila siku ni vile vile, vilivyonyooka kama alivyovipanga. Binti yake aliniambia, "Baba alijijengea jela mwenyewe, na kwa vile ni fundi, haikuwa na ufa hata mmoja."

Je, hakutaka kutoka? Alitaka mno. Alishinda dirishani akitazama miguu ya wapita njia, akimwambia mkewe yule anatembea vizuri, yule anaburuza kisigino. Lakini alikuwa anaogopa. Katika miaka yake yote ya kazi, aliitwa mara nyingi kubadilisha kigae kibovu, na hakuwahi kupata kipya kilichofanana na vya zamani. Kiraka kilionekana daima. Na ukivunja kimoja, mara nyingi cha jirani nacho kinapata ufa. Aliamini mwili nao ni hivyo hivyo. Akaona bora goti bovu analolijua.

Mambo yalibadilika mwaka huu. Asubuhi moja alikuwa dirishani, mkewe akatoka na kikapu. Alipofika kwenye kizingiti, mama yule alishika mwimo wa mlango, akageuka ubavu, akatanguliza mguu mmoja, kisha akauvuta mwingine taratibu. Kesho yake akafanya vile vile. Siku ya tatu akasema kwa mzaha kwamba uzee unabisha hodi. Pimamaji hakucheka. Ule ugeukaji wa ubavu aliujua vizuri, ulikuwa wake. Na alijua umetoka wapi. Miaka minne mama yule alikuwa akimshika makwapani, akimwinua, akimkalisha, akimlaza.

Kesho yake mkewe alirudi kutoka sokoni akakuta vumbi limejaa mlangoni. Mzee amekaa chini, mguu umenyooka, patasi mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Nusu ya kizingiti ilikuwa vipande. Mama alidhani mumewe amepungukiwa akili.

"Baba watoto, unafanya nini?"

"Natengeneza njia ya kwenda hospitali."

Kisha akaiweka nyundo chini, akamwambia jambo alilolificha kwa miaka minne. "Nilimuuliza daktari, mkilipasua, litakuwa sawa na lile jingine? Akaniambia halitakuwa sawa, lakini litatembea. Mimi nilikuletea nusu tu. Nusu nyingine niliiacha kule kule, mke wangu. Niliogopa."

Wasikilizaji wapendwa, mama yule hakumsemesha siku mbili. Aliniambia bila kuficha, "Nilikasirika. Miaka minne nimemwinua mtu ambaye angeweza kuinuka. Siku ya tatu nikampigia pasi shati la kwendea hospitali."

Walikwenda pamoja. Daktari alikuwa yule yule. Aliwaambia goti limelika zaidi, lakini kazi bado inafanyika. Akawapa kadi yenye tarehe ya upasuaji, siku ya Jumanne. Pimamaji aliiweka kadi mezani, akalaza pimamaji yake juu ya kadi isipeperuke. Pale palipokuwa na kizingiti akasawazisha mteremko wa saruji. Mkewe anasema ndicho kitu pekee alichowahi kukijenga kikiwa kimelala upande, na alikitazama siku nzima.

Siku nane kabla ya Jumanne hiyo, alikunywa chai, akasukuma kiti chake hadi mlangoni, akakaa. Mkewe alimkuta hapo. Mwili ulikuwa ndani, miguu yote miwili ilikuwa nje, juani.

Jumanne ilipofika, mama aliamka mapema, akavaa, akachukua ile kadi. Akaushuka mteremko kwa ubavu, ameshikwa mkono na binti yake. Hospitali, muuguzi aliisoma kadi, akatazama nyuma yao, akauliza mgonjwa yuko wapi.

"Mwenye kadi amefariki," mama akajibu. "Mimi ni mkewe. Nimekuja na goti langu."

Aliandikishwa siku hiyo hiyo. Alipoitwa kwa daktari, aliingia na binti yake, na binti akaandika yote yaliyosemwa, neno kwa neno.

Kwa niaba ya kituo hiki, tunampa pole mama huyu, binti zake, wajukuu, na mafundi wote waliopiga magoti pamoja na Pimamaji. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, ambaye mguu wako uko juu ya kiti cha pili tangu kipindi kianze, sikuulizi kwa nini. Yule aliye nawe hapo nyumbani, anayekuinua kila asubuhi, mtazame anavyotembea. Halafu mwambie yote aliyokwambia daktari.